Mwenzio Kalazwa? Kuna Mlango Hujaubisha

Penzi la kweli hulijui siku mnakula kuku hotelini. Utalijua siku mwenzio kalazwa, bili inapanda, kazini umeshaomba ruhusa mara tatu, na mawifi wameanza vikao: “Hivi huyu anamjali kweli kaka yetu?”

Daktari anatibu mwili. Haya mengine je? Mara nyingi jibu liko korido ile ile, kwenye mlango ulioandikwa Ustawi wa Jamii.

Shosti wangu mmoja mumewe aligoma figo. Akawa anauza vyombo vya ndani kimyakimya, huku akimwambia mgonjwa mambo shwari. Kumbe mume anajua yote, kanyamaza asimuumize. Mtu na mumewe, kila mmoja na siri yake! Nesi ndiye aliyewaelekeza kwa afisa ustawi. Yule mama hakuwapa hata senti. Aliwakalisha pamoja, akauliza mna nini na nani anajua, kisha akaita ndugu, kila mtu akataja anachoweza. Ugonjwa ulibaki, siri ziliisha.

Kazi hii ina historia ndefu. Mwaka 1895 Royal Free Hospital ya London ilimwajiri Mary Stewart, achunguze nani anaweza kulipia matibabu na nani hawezi. Hapa Tanzania, uchangiaji wa gharama ulipoanza kwenye hospitali za serikali mwaka 1993, misamaha kwa wasio na uwezo ilikuja nayo, na afisa ustawi ndiye anayekuhoji. Huyo huyo hushughulika na mtoto aliyetelekezwa wodini, mke aliyekuja na jeraha la kipigo, na mgonjwa asiye na ndugu wa kumpokea.

Sasa wewe ufanye nini?

Nenda mapema. Usisubiri siku ya kuruhusiwa ndipo ukimbie na bili mkononi.

Sema ukweli wa kipato. Ukiulizwa barua ya serikali ya mtaa, ifuatilie. Na kama gari lako liko nje, tafadhali usijifanye fukara. Nafasi hiyo ina mwenyewe.

Mkibishana na wakwe nani aamue nini, mwambie. Ugomvi wa familia nao humchelewesha mgonjwa kupona.

Kwa hiyo mpelekee uji, mpelekee na maua ukipenda. Ila mlango ule nao ubishe, na akiweza kutembea, ingieni wawili.