Baiskeli ya shokapu ya upepo: Pima kabla hujanunua

Katika vilima vya Kasulu na Kibondo, baiskeli ndiyo gari la mkulima. Hubeba maharage, mihogo na mikungu ya ndizi hadi sokoni. Baiskeli ya mtumba yenye shokapu ya upepo nyuma huvutia macho, lakini shokapu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mpandaji, si gunia. Ukifunga keria kwenye bomba la kiti, tairi likipanda huweza kuigonga.

Kama unayo tayari, sukuma pete ya mpira hadi kwenye silinda, kaa taratibu, kisha shuka. Pete ikisogea robo hadi theluthi ya mwendo wa shokapu, upepo unatosha. Ikizidi, ongeza, ikipungua, punguza. Tumia pampu maalumu ya shokapu yenye geji, kwani ya tairi haifai.

Baada ya safari, futa tope kwa kitambaa laini. Usiifungue kabla ya kutoa upepo wote, itakuumiza.

Kwa mzigo mzito, ndugu mkulima, baiskeli ya chuma isiyo na shokapu ndiyo yenye faida: fundi wa kijijini anaiweza.