Akikuvizia Nyumbani, Umwekee Dau?

Mchezaji wa bakigamoni aliyepigwa mapema akaachwa mbali hubakiwa na ujanja mmoja. Anaweka kete nne au tano ndani ya nyumba yako, anashikilia vituo viwili, kisha anatulia. Anajua huna budi kuzipitisha kete zako mbele ya macho yake, na iko zamu utakayoiacha moja peke yake. Huo ndio mchezo wa nyuma. Wewe unaongoza. Je, umwekee mchemraba wa dau?

Mchemraba huo, ulioanza kutumika New York miaka ya 1920, una namba 2 hadi 64. Ukimwekea mpinzani, ana mawili: akubali mchezo ulipe maradufu na mchemraba uwe wake, au akatae na kulipa dau lililokuwepo. Wengi wamekariri kwamba mwenye uwezekano wa kushinda mara 25 kwa 100 akubali. Hapa kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu ya gamoni: ukitoa kete zako zote kabla yeye hajatoa hata moja, unalipwa mara mbili. Na mchezo wa nyuma ukiharibika, gamoni haiko mbali.

Tupige hesabu ya michezo 100. Tuseme anashinda 30, anashindwa kawaida 40, na 30 anapigwa gamoni. Akikubali dau la 2, anapata 60, analipa 80, analipa tena 120: hasara 140. Angekataa yote, angepoteza 100 tu. Sasa tuseme anashinda 35, anashindwa kawaida 45, gamoni 20. Anapata 70, analipa 90 na 80: hasara 100 kamili. Hapo kukubali na kukataa ni sawa, na kwa kuwa mchemraba unabaki mkononi mwake, mimi ningekubali.

Kinachotenganisha hali hizo mbili ni muda. Kete zake zilizobaki zinajenga ukuta nyumbani kwake wa kuizuia kete yako atakapoipiga, lakini dado lazima zichezwe maadamu kuna nafasi. Akitupa 5-5 ilhali nyuma umemziba na nje hana kitu, kete zinashuka kutoka kituo chake cha 6 hadi cha 1, na ukuta umebomoka. Kwa hiyo kabla ya kugusa mchemraba, tazama nyumba yake kwanza. Vituo anavyovishikilia nyumbani kwako navyo havilingani: aliyeshika cha 2 na cha 3 ni hatari kuliko aliyekwama kwenye cha 1 na cha 2. Wala usimpige ovyo. Kete unayoipiga inaanza safari upya, na safari hiyo ndiyo muda anaoutafuta.

Mkicheza kwa fedha chini ya kanuni ya Jacoby, gamoni haihesabiwi mpaka mchemraba uguswe. Anayeongoza akaukalia akisubiri gamoni, atalipwa dau moja tu. Ukiona ukuta wake umeanza kuyumba, mwekee.