Piano bustanini: kwa nini nasikiliza Chopin

Juzi nilikuwa napiga stori na washikaji kuhusu muziki, nikajisahau nikasema kwamba mimi huwa nasikiliza Chopin. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Bwana wee, huo si muziki wa wazungu wazee wa kusinzia?" Siku ile sikuwajibu vizuri. Nawajibu leo.

Kwanza jina. Frédéric Chopin, na hilo "Chopin" litamke kama "Shopan", usije ukachekwa. Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw. Mama Mpolandi, baba Mfaransa. Wakati huo hapakuwa na Poland huru. Tangu 1795 Urusi, Prusia na Austria walikuwa wameshaigawana kama mkate, na ilibaki hivyo hadi 1918. Waafrika habari za kugawanwa mezani tunazijua, hatuhitaji kuelezwa.

Novemba 1830, akiwa kijana wa miaka 20, Chopin akatoka nje kutafuta maisha kwa piano yake. Wiki chache tu baadaye Wapolandi wakaasi dhidi ya Warusi, wakapigwa. Jamaa hakurudi nyumbani tena. Aliishi Paris akifundisha na kutunga, akafia huko tarehe 17 Oktoba 1849, miaka 39 tu.

Sasa mimi nimeingiaje hapo? Mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi Warsaw. Jumatano moja nikapigiwa simu kutoka Tanga: bibi yangu, aliyenilea, amefariki. Nyinyi mnajua mambo ya kwetu, maiti haikawizwi. Alizikwa alasiri ile ile. Nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingewahi. Nikakaa chumbani siku tatu, silii, sili, naangalia ukuta tu.

Jumapili jirani yangu wa hosteli akanigongea. "Toka nje, twende Łazienki, ni bure." Łazienki ni bustani kubwa pale mjini, na ndani yake kuna sanamu ya Chopin amekaa chini ya mti uliopindishwa na upepo. Tangu mwaka 1959, kila Jumapili kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba, piano huwekwa chini ya sanamu hiyo, mara mbili kwa siku: saa sita mchana na saa kumi jioni. Anapanda mpiga piano mmoja, anapiga Chopin mwanzo mwisho. Hakuna tiketi wala kiingilio. Watu wanakaa kwenye nyasi na watoto wao, wengine na baiskeli zao, wanasikiliza.

Kwa asiyejua, onyesho la namna hii ni mtu mmoja na piano, basi. Hakuna bendi, hakuna mwimbaji, mara nyingi hakuna hata karatasi ya noti mbele yake. Maelfu ya noti yako kichwani na kwenye vidole. Vitufe 88 na pedali za miguuni. Ile ya kulia ukiikanyaga, sauti zinaendelea kulia hata baada ya kuinua vidole.

Siku ile alianza dada mmoja na vipande vya mazurka. Mazurka asili yake ni ngoma ya vijijini huko kwao, mapigo matatu matatu, ila mkazo hauangukii pigo la kwanza kama ulivyozoea. Unaangukia la pili au la tatu, mguu unabaki unashangaa. Chopin alitunga zaidi ya 50. Yaani mtu yuko Paris, anafundisha watoto wa matajiri, lakini kichwani bado inalia ngoma ya kijijini.

Halafu kuna ujanja mmoja, ukiujua huu utaanza kumwelewa. Mkono wa kushoto unashika mapigo, wa kulia unajivuta: unachelewa kidogo, unakimbia kidogo, kisha wanakutana. Chopin mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake hivyo. Kama umewahi kumsikia mwimbaji wa taarab akilivuta neno huku ngoma nyuma yake haimsubiri, basi umeshaelewa.

Kisha akapiga Sonata namba 2. Sonata ni kazi moja yenye sehemu kadhaa, hii ina nne. Ya kwanza ilipoisha nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote, peke yangu! Bibi mmoja wa Kipolandi aliyekaa pembeni yangu akanishika mkono taratibu, akaninong'oneza: bado. Kumbe desturi ni kusubiri sehemu zote ziishe.

Ya tatu ilipoanza nikashtuka, maana naijua! Hata wewe unaijua. Ni ule muziki wa mazishi wa tam, tam, ta-tam, unaowekwa hata kwenye katuni mtu akifa. Ulipigwa kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, na mwaka 1963 kwenye ya Rais Kennedy wa Marekani. Lakini katuni hazikwambii kinachofuata. Katikati ya mazishi hayo Chopin anasimamisha kila kitu, anaweka wimbo mwepesi, laini, kama mtu anambembeleza mtoto alale. Halafu msafara wa jeneza unarudi palepale ulipoishia.

Hapo kwenye kubembeleza ndipo nilipolia. Siku tatu chozi halikutoka, likatoka mbele ya watu nisiowajua.

Onyesho lilipokwisha yule bibi hakuniuliza nalia nini. Akanisimulia tu. Kwamba sanamu ile ililipuliwa na Wajerumani mwaka 1940, ikasimamishwa upya 1958. Kwamba wakati wa vita walipiga marufuku Wapolandi kupiga Chopin hadharani, na kwao ilipigwa usiku, madirisha yamezibwa mablanketi. Kama umeona filamu ya The Pianist ya 2002, ni mji huohuo na miaka hiyohiyo. Fikiria, mtu ana jeshi, ana vifaru, na bado anaogopa piano.

Halafu akaniambia nenda Kanisa la Msalaba Mtakatifu, kuna nguzo. Nikaenda. Mwili wa Chopin uko Paris, makaburi ya Père Lachaise. Lakini alitaka moyo wake urudi nyumbani. Dada yake Ludwika akauchukua ndani ya chupa, akaupitisha mipakani kwa siri hadi Warsaw. Leo uko ndani ya nguzo ile. Wajerumani waliuondoa wakati wa mapambano ya 1944, ukarudishwa 17 Oktoba 1945, siku ya kumbukumbu ya kifo chake.

Sisi tunasema kwenu ni pale kitovu chako kilipozikwa. Yeye hakuweza kurudi mzima, akarudisha alichoweza. Nilisimama pale mbele ya nguzo nikamwombea bibi yangu dua kwa Kiswahili, kimyakimya. Kaburi lake nililiona mwaka 2009, nilipopata nauli.

Kwa hiyo washikaji, mkiniuliza tena kwa nini nasikiliza muziki wa wazungu wazee, jibu ndilo hilo. Ukipata dakika kumi za ziada kwenye kompyuta, chomeka hedifoni, tafuta sehemu ya tatu ya Sonata namba 2. Usiikatize kabla ya kufika katikati. Kisha urudi hapa uniambie umesikia nini.