Ndege Wanaolea Watoto wa Wenzao: Nani Anashika Rekodi?

Mkazi wa Nyalikungu, Maswa, amekaa jirani na mabingwa wa dunia. Mashariki yake liko Pori la Akiba Maswa, linalopakana na Serengeti; kaskazini, ukifika Busega, unakutana na Ziwa Victoria. Kati ya pori na ziwa wanaishi ndege wenye tabia iliyowasumbua wataalamu kwa miaka mingi: ndege mzima, mwenye nguvu zake, anaacha kuzaa na badala yake analisha makinda yasiyo yake. Katika kila spishi 100 za ndege duniani, karibu 9 huishi hivyo.

Kwa uzito, hakuna wa kumkaribia mumbi. Ni yule mweusi mwenye ngozi nyekundu usoni na kooni, anayetembea nyikani kama mkaguzi. Dume kubwa hufikia kilo 6, na hakuna ndege mkubwa zaidi yake anayelea kwa ushirika. Kila kundi lina jozi moja tu inayozaa. Waliobaki, wengi wao madume vijana waliozaliwa humo humo, huleta vyura, nyoka na panzi kiotoni. Anashikilia pia rekodi ya uzazi wa shida. Jike hutaga mayai mawili, lakini kinda la pili hufa njaa, na huko Kruger, Afrika Kusini, ilionekana kuwa kundi hufanikiwa kukuza kinda mmoja hadi utu uzima kila baada ya miaka 9 kwa wastani. Anayempiga mumbi mmoja kwa manati anafuta kazi ya karibu muongo mzima.

Kijana wa mumbi anapata nini? Jibu maarufu alilitoa Mwingereza William Hamilton mwaka 1964. Ndugu wa baba na mama mmoja huchangia nusu ya jeni zao, na wa mzazi mmoja huchangia robo. Kumlea mdogo wako, basi, ni njia nyingine ya kupeleka jeni zako mbele.

Aliyeifuata hesabu hiyo kwa uaminifu kuliko wengi ni kerem mwenye paji jeupe, anayechimba mashimo yake kwenye kuta za udongo karibu na Nakuru, Kenya. Stephen Emlen na Peter Wrege waliwafuatilia huko tangu miaka ya 1970. Msaidizi alipokuwa na viota kadhaa vya jamaa vya kuchagua, zaidi ya mara 9 kati ya 10 alikwenda kwa jamaa wa karibu zaidi. Nawapa kerem hawa na tuzo ya pili, ya baba mkorofi: baadhi ya akina baba huwasumbua watoto wao wa kiume walioanza maisha, huwazibia mlango wa shimo na kuingilia uchumba wao, mpaka kijana anakata tamaa na kurudi nyumbani kulisha wadogo zake.

Lakini mshindi wangu ni mdiria mweusi na mweupe, yule anayeelea hewani juu ya maji kabla ya kupiga mbizi. Heinz-Ulrich Reyer alimchunguza kwenye maziwa mawili, Victoria na Naivasha, na akakuta wasaidizi wa aina mbili. Wa kwanza ni watoto wa kiume wa wenye kiota. Undugu wao na makinda ulikuwa wastani wa 0.32, chini ya nusu kwa sababu mara nyingi mzazi mmoja amekufa na nafasi yake kuchukuliwa. Wa pili ni wageni kabisa, undugu 0.05. Naivasha maji ni tulivu, wazazi wanajitosheleza, na mgeni akisogea anafukuzwa. Victoria kuna mawimbi, samaki ni wadogo na wako mbali; makinda yakishaanguliwa, mgeni yule yule anapokelewa. Reyer alipoongeza makinda viotoni ili kuwalemea wazazi, milango ilifunguka. Mgeni naye hakuja bure: msimu unaofuata baadhi yao humwoa jike waliyekuwa wakimsaidia. Undugu, kwa hiyo, unaeleza nani atajituma sana. Njaa ndiyo inayoamua nani ataruhusiwa kuingia.

Kwezi maridadi, yule wa bluu na tumbo la rangi ya chungwa anayeokota makombo kambini Serengeti, ana rekodi ya subira ya watafiti. Dustin Rubenstein na wenzake walikusanya kumbukumbu za misimu 40 ya uzazi huko Laikipia, kuanzia 2002 hadi 2021. Matokeo yalitoka mwaka 2025: kwezi hupendelea jamaa, ila husaidia pia wasio jamaa, na baada ya miaka kadhaa aliyesaidiwa naye humsaidia aliyemsaidia. Wasukuma wanaolimiana pamba kwa zamu hawatashangaa.

Undugu wenyewe una adui: michepuko, kwa kuwa hugeuza ndugu kuwa wa mzazi mmoja tu. Ulinganisho wa spishi 267 uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa ushirika wa malezi umejitokeza zaidi katika koo ambazo majike wake hutoka nje ya ndoa kwa nadra. Kisha kuna ndege mdogo wa bluu wa Australia aliyeharibu kanuni: sehemu kubwa ya makinda yake yana baba wa jirani, na bado wasaidizi wapo.

Tuzo ya mwisho inaenda Shelisheli, kwa ndege mdogo wa kahawia ambaye mwaka 1968 idadi yake ilibaki 26 hivi, wote kisiwani Cousin. Leo wamepita 3,000. Wasaidizi wake kwa kawaida ni mabinti, na jike hutaga yai moja. Jan Komdeur aligundua kwamba mahali pa wadudu haba asilimia 77 ya makinda walikuwa madume, ambao huhama; mahali pa neema, asilimia 87 walikuwa majike. Na pale penye neema, wasaidizi wakishafika wawili, mama hugeuza mkondo na kuanza kutaga madume.