Njaa ya Ng'ombe Aliyeshiba

Katika mikoa ya kati ya Tanzania, kama vile Dodoma na Singida, mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu kwa mwaka. Kiangazi kinapoingia, ng'ombe huachiwa mabua ya mahindi na mtama. Hujaza matumbo, lakini hukonda. Maziwa hupungua, na maksai huufikia msimu wa kulima wakiwa dhaifu. Kwa nini mnyama aliyeshiba akonde?

Jibu limo katika tumbo lake la kwanza. Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya nyuzinyuzi za mabua; kazi hiyo hufanywa na vijidudu vingi mno vinavyoishi tumboni humo. Vijidudu hivyo huhitaji naitrojeni ili vijenge protini ya miili yao. Chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hudhoofika. Nayo mabua makavu kwa kawaida huwa na asilimia 3 hadi 5 tu. Hapo chakula hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe huzidi kula kidogo.

Upungufu huo waweza kuzibwa kwa mbolea ya yurea, ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni. Kilo 5 za yurea huyeyushwa kabisa katika lita 50 za maji, kisha hunyunyizwa sawasawa juu ya kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa. Mabua hushindiliwa shimoni, hufunikwa kwa plastiki ili hewa isipite, na huachwa kwa majuma 3. Yurea hugeuka kuwa amonia, ambayo hulegeza nyuzinyuzi na kuyaongezea mabua naitrojeni. Kabla ya kulishwa, mabua hutandazwa usiku kucha ili harufu kali ipungue.

Tahadhari ni ya lazima. Yurea ikilambwa yenyewe, au maji yake yakinywewa, amonia huzidi katika damu, na mnyama aweza kufa kwa saa chache. Ndama wa chini ya miezi 6 wasipewe mabua hayo, wala punda na nguruwe, kwa kuwa hawacheui. Ng'ombe wakubwa nao wazoeshwe kidogo kidogo.

Mahali ambapo yurea ni ghali, majani makavu ya kunde, karanga au lukina, yaliyohifadhiwa mapema, huvipatia vijidudu naitrojeni hiyo hiyo.