Je, Wajua? Jeep Nyeusi, Vumbi Jekundu na Mikwaruzo Inayofuata Jua

Je, wajua kwamba mikwaruzo ya duara unayoiona kwenye boneti ya gari jeusi haina umbo la duara? Liweke juani gari jeusi lililokwisha kuoshwa mara nyingi, kisha tazama pale jua linapomeremeta juu ya rangi. Utaona nyuzi nyembamba zimelizunguka lile doa la mwanga, duara ndani ya duara. Sogea hatua moja kushoto. Duara zinasogea nawe, na bado jua liko katikati yake.

Ukweli ni kwamba mikwaruzo yenyewe imelala ovyo: mingine wima, mingine kingamo, mingine mshazari. Mkwaruzo ukikaa kingamo na njia ya mwanga, mwanga unarudi kwenye jicho lako. Ukilala upande mwingine, mwanga unatupwa pembeni na wewe huoni kitu. Inayobaki kuonekana ndiyo inayojipanga kulizunguka jua. Ukitaka ushahidi jikoni, tazama kitako cha sufuria ya chuma kisichoshika kutu chini ya taa: mambo ni yaleyale. Kwa sababu hiyo, ubishi wa waosha magari kama mkono uende kwa mzunguko au kwa mstari mnyoofu hauna uzito wanaoupa. Kinachokwaruza ni punje ya mchanga iliyo chini ya kitambaa, mkono uende utakavyo.

Na mchanga haukosekani. Chukua mfano wa Luofu, katika teritwari ya Lubero, mashariki mwa Kongo, kusini mwa Butembo, nyanda za juu ambako sehemu kubwa ya njia ni udongo mtupu: mvua ikinyesha ni tope, ikianua siku chache ni vumbi. Shofa anayetoka huko kupeleka jeep nyeusi kwenye harusi mjini Butembo anafika na gari la rangi ya matofali. Tarehe 16 Juni 2021 Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Museveni wa Uganda walizindua mpakani mwa Kasindi na Mpondwe mradi wa barabara ambao ndani yake mna kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na kilomita 54 za Beni hadi Butembo. Njia za Luofu hazimo katika hesabu hiyo. Vumbi lake litaendelea kuwa jirani wa kila boneti.

Vumbi lenyewe si kitu kimoja. Ndani yake mna udongo wa mfinyanzi, laini kiasi kwamba ukiusaga kati ya vidole unateleza. Mna kutu ya chuma, ndiyo inayoupa udongo wekundu wake. Na mna punje za madini ya kwatzi, yaani mchanga wenyewe. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho kinaanzia 1 na kuishia 10 kwa almasi, kwatzi iko kwenye 7. Kioo cha dirisha kipo karibu na 5.5. Verni ya gari ni aina ya plastiki, laini kuliko kioo. Punje ya kwatzi haina haja ya nguvu nyingi ili kuichora.

Lakini hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote ninayotaka msomaji achukue: vumbi likitulia juu ya gari halichori kitu. Gari linaweza kulala wiki nzima uani likiwa jekundu tupu, na verni isipate dhara la kuonekana. Dhara linaanza pale mwenye gari anapotoka asubuhi na kitambaa kikavu, akapangusa kwa upendo ili aondoke akiwa safi. Mkono wake unazibana zile punje na kuziburuta kutoka taa hadi kioo cha mbele. Mikwaruzo mingi ya magari meusi ya kwetu haikuletwa na barabara. Ililetwa na usafi.

Je, wajua kwamba mikwaruzo hiyo haijafika hata kwenye weusi? Juu ya bati la gari la kisasa kuna tabaka kadhaa: dawa ya kuzuia kutu, rangi ya msingi, rangi yenyewe unayoiona, na juu kabisa verni isiyo na rangi, ambayo ilienea viwandani katika miaka ya 1980. Verni hiyo kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa chako mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Unapoambiwa gari lipigwe polishi, maana yake ni kuinyoa verni hadi kufikia kina cha mkwaruzo, ili uso uwe sawa tena. Polishi nyepesi huondoa mikroni moja hadi tatu hivi, na zilizoondoka hazirudi. Polishi ya mara moja haina ubaya. Polishi ya kila mwezi inalimaliza koti la gari.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama gari lako lina verni, maana mengi yanayozunguka Beni na Butembo yameshapigwa rangi upya gereji. Paka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali palipojificha, kisha tazama kitambaa. Kikibaki cheupe, unasugua verni. Kikitoka cheusi, unasugua rangi yenyewe, na upole unahitajika mara mbili.

Kwa nini basi jeusi lipate sifa mbaya kuliko mengine? Verni ya gari jeusi na ya gari jeupe ni ileile. Mkwaruzo ni ukingo mdogo unaotawanya mwanga. Kwenye gari jeupe rangi iliyo chini yake nayo inarudisha mwanga mwingi kila upande, na ule mchache wa mkwaruzo unamezwa humo. Rangi nyeusi inanyonya karibu mwanga wote unaoifikia, hivyo kila mkwaruzo unawaka peke yake. Gari jeupe lililooshwa na kijana yuleyule kwa kitambaa kilekile limeumia sawasawa. Halisemi tu.

Sasa angalia gari jeusi likiwa limelowa. Limekuwa jipya! Mikwaruzo imekwenda wapi? Maji yameingia ndani ya vifereji vyake, na kwa kuwa maji hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribia cha verni kuliko hewa ifanyavyo, ukingo wa mkwaruzo unafifia. Mafuta hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Uwezo wa verni kupinda mwanga ni karibu 1.5, wa maji ni 1.33, wa mafuta ya mawese ni karibu 1.46. Ndiyo maana gari lililopakwa mafuta, au polishi yenye mafuta mengi, linang'aa sokoni mbele ya mnunuzi, na baada ya kuoshwa mara mbili kwa sabuni mikwaruzo yote inarudi kazini. Anayenunua gari jeusi aje na kitambaa chenye spiriti, apanguse sehemu ndogo ya mlango, kisha aimulike kwa tochi ya simu. Spiriti huondoa mafuta na kuacha ukweli.

Ukienda kukagua gari, vua pia miwani ya jua ya polaroidi. Miwani hiyo hupunguza mng'ao unaoruka juu ya verni, na mikwaruzo hutegemea mng'ao huo ili ionekane. Historia yake inagusa hata mashamba ya Lubero. Mwaka 1852 daktari William Herapath wa Bristol, Uingereza, alieleza fuwele za ajabu zilizotokana na kwinini ikichanganyika na iodini, zenye uwezo wa kuchuja mwanga. Mwaka 1929 Edwin Land wa Marekani alizitumia fuwele hizo kutengeneza karatasi ya kwanza ya kuchuja mwanga, na nia yake ilikuwa kupunguza makali ya taa za magari usiku. Kwinini hutoka kwenye magome ya mti wa kinkina, uleule ambao wakulima wa Butembo na Lubero wanaukuza hadi leo.

Jua la huku nalo halina mzaha. Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na mji wa Lubero, kwa hiyo mwezi wa tatu na wa tisa jua la adhuhuri linasimama utosini. Juu ya hilo, kila unapopanda mita 1,000 mionzi mikali ya jua huongezeka kwa karibu asilimia 10, na nyanda hizi ziko juu. Hewa ya Lubero ni baridi, watu wanavaa makoti, na wengi wanadhani jua lake ni dogo. Verni haidanganyiki: ndani yake mna dawa ya kuzuia mionzi hiyo, na anayeinyoa mno anainyoa na kinga. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, waliweka juani magari mawili ya aina moja, moja jeusi na jingine la rangi ya fedha, wakakuta paa la jeusi linaweza kuzidi la mwenzake kwa nyuzi joto 25 za Selsiasi. Juu ya bati la moto namna hiyo sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa, na polishi huganda kabla ya kufanya kazi. Gari jeusi lioshe kivulini, au mapema kabla jua halijapanda.

Na dawa ya kusugulia iliyo ndani ya polishi imetengenezwa kwa kitu gani? Mara nyingi ni unga laini sana wa oksidi ya aluminiamu, ambayo kwenye kile kipimo cha Mohs inafika 9. Aluminiamu hupatikana kwenye boksiti, na boksiti ni ndugu wa udongo mwekundu wa nchi zetu za joto. Tofauti na mchanga wa njiani ni kwamba punje za unga huo ni ndogo mno na zinalingana, hivyo mikwaruzo zinayoiacha ni midogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Dawa ya meno nayo ina unga wa kusugua, na kwa mkwaruzo mwepesi inasaidia, ila ilipimwa kwa ajili ya meno. Nisingeipaka boneti nzima.

Kabla ya kusugua, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, polishi haitatosha. Mwite fundi rangi. Usipokwama, sifongo laini, dawa kidogo na mkono mtulivu vinatosha, sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Mashine inafanya haraka, lakini ile inayozunguka kwa kasi, ikishikwa na asiyejua, huacha mawimbi yake yenyewe, na kwenye kingo za mlango hula verni hadi kwenye rangi.

Viwanda navyo vimehangaika na rangi nyeusi na mikwaruzo yake, kila kimoja kwa namna yake. Ford iliuza Model T kwa rangi nyeusi peke yake kuanzia 1914 hadi 1925. Mwaka 2005 Nissan ilitangaza verni inayojiponya kwenye X-Trail za Japani: mkwaruzo mwepesi unafutika wenyewe kati ya siku moja na wiki, kutegemea joto. Mwaka 2019 BMW ilionyesha Frankfurt X6 iliyopakwa aina ya Vantablack, nyeusi isiyong'aa karibu kabisa. Haikuuzwa kwa watu.

Kwa mwenye jeep nyeusi ya Luofu au Butembo, dawa ya bei nafuu bado ni maji. Mwagilia gari lote kwanza, tope lishuke lenyewe, bila kuligusa. Ndipo uchukue ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa kila baada ya bati moja. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando. Na maji ya mtoni yaliyochotwa baada ya mvua yaache yatulie ndani ya bidoni hadi mchanga uzame. Kama ni kijana anayekuoshea, mlipe kwa muda anaotumia, wala usimharakishe.