MATUMIZI YA UMEME NA UWEZO WA WAYA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kuwa kila waya wa umeme una kiwango chake cha kubeba, na kwamba kuuzidishia ni chanzo cha moto majumbani na maofisini. Ili jambo hili lieleweke, inafaa kwanza kujua umeme ni kitu gani.

Umeme ni mwendo wa chembe ndogo sana, ziitwazo elektroni, ndani ya waya. Msukumo wa chembe hizo hupimwa kwa volti, na wingi wa mkondo unaopita hupimwa kwa ampea. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati, yaani kasi ambayo chombo hutumia umeme. Msukumo unaofika majumbani ni volti 230.

Waya, hata uwe mzuri namna gani, huuzuia mkondo kwa kiasi fulani, na kizuizi hicho huzaa joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ndiyo sababu waya unaozidiwa kwa muda mrefu huweza kuyeyusha ganda lake na kuwasha moto.

Kwa mfano, birika la wati 2,000 huchukua karibu ampea 9, na pasi ya wati 1,200 huchukua zaidi kidogo ya ampea 5. Vikitumiwa pamoja katika ekstensheni yenye plagi ya ampea 13, kiwango kimepita. Ziada ndogo kama hiyo fyuzi huweza kuivumilia kwa muda mrefu huku plagi ikipata moto. Hivyo kutokatika kwa fyuzi si dalili ya usalama.

Kazi ya fyuzi ni kuyeyuka kabla ya waya kuungua. Anayeiondoa na kuweka msumari ameondoa mlinzi. Kitakachoyeyuka baada ya hapo ni waya wa nyumba.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa kebo zinazoleta umeme kutoka Tanzania Bara chini ya bahari. Kebo ya Ras Kiromoni hadi Fumba, iliyoanza kazi mwaka 1980, ilikuwa na uwezo wa megawati 45. Mahitaji ya Unguja yalipokua, ilibidi kulazwa kebo nyengine ya megawati 100, iliyozinduliwa mwaka 2013.

Kwa hiyo, jumla ya wati zilizoandikwa kwenye vyombo vya ekstensheni moja isizidi 2,990. Plagi inayopata moto au kutoa harufu izimwe mara moja, na matengenezo yafanywe na fundi mwenye ujuzi.